Ute wa Yai Siku ya Mbuzi

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu niliacha kucheka. Sikuwa nimefiwa, wala sikuwa nimeachwa na mtu. Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu karibu na soko la Tawa, Ukambani, nimeajiriwa, nimeokoka, nina jozi mbili za viatu vya kisigino, na nilikuwa nimeamua kwamba mimi sitazeeka.

Wazo hilo nililipata kwa mwalimu mwenzangu, msichana wa kutoka Kiambu. Dada yake aliyekaa Nairobi alikuwa akimtumia majarida ya wanawake, nasi tuliyasoma wakati wa chai. Jarida moja lilisema kwamba makunyanzi hayaletwi na uzee, mtu anajiletea mwenyewe. Kila ukicheka, ukikunja ndita, ukifinya macho kwa sababu ya jua, unachora mstari, na siku moja mstari huo unakataa kufutika. Dawa ni kuanza mapema, kabla hujapata hata mmoja. Mwenzangu alisoma, akacheka, akafungua ukurasa wa mapishi. Mimi niliomba jarida nikaenda nalo nyumbani.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kielelezo. Mama yangu alikuwa na paji la uso lililopigwa matuta, na pembeni mwa macho mistari ilitawanyika mpaka karibu na masikio. Ilikuwa kazi ya jua la shamba la ndengu, moshi wa kuni, na kicheko, maana mama aliweza kucheka peke yake jikoni akikumbuka jambo la juzi. Na kila mtu sokoni Tawa aliniambia kitu kimoja, kwamba mimi ni mama yangu mtupu. Kabla ya jarida nilikuwa nikifurahi kuambiwa hivyo. Baada ya jarida nilikuwa nikirudi nyumbani mbio kujitazama kwenye kioo.

Basi nikaanza. Nilifunga kitambaa kichwani kwa nguvu hadi nyusi zikapanda kidogo, watu wakadhani kichwa kinaniuma. Nilijifundisha kutembea juani bila kufinya macho, na jua la kwetu si la kufanyia mchezo, kwa hiyo nilifika shuleni kila siku machozi yakinitiririka. Mtu akinichekesha, nilivuta pumzi kwa pua na kutazama ukuta. Kila Jumamosi asubuhi nilivunja yai, nikajipaka ute wake usoni, nikakaa hivyo mpaka ukakauka na kunikaza mashavu. Kiini nilikikaanga nikala, nisije nikaitwa mharibifu.

Matokeo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililonipoteza. Watoto darasani walitulia kama maji ya mtungi, kwa sababu hawakuweza tena kujua kama nimekasirika. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nimekomaa. Kanisani ndiko kulikokuwa na shida kidogo. Kwaya yetu ilikuwa ya kuruka na kupiga makofi, nami nilisimama mstari wa mbele nikiimba habari za furaha na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kina mama wa ushirika wakaja nyumbani, wakapiga magoti, wakaniombea roho ya uchungu initoke. Nilisema amina. Ningeweza kuwaambia ukweli, lakini utamwambiaje mama aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto na Biblia kwapani kwamba unatunza ngozi?

Mjukuu wangu, ambaye sasa anasoma chuo, juzi alirudi nyumbani na kichupa cha krimu ya kuzuia makunyanzi ambayo hata hana. Alitaka nimwambie kama ni vizuri mtu kuanza akiwa kijana hivyo. Nilimwambia ni upuuzi mtupu, na alipoenda kuoga nilikifungua kichupa nikajipaka. Kwa hiyo mtu asitarajie mafundisho kutoka kwangu.

Sasa, kulikuwa na mtu. Alikuwa afisa wa mifugo, kwao Kyuso, na alikuja pande zetu kuchanja ng'ombe. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo. Siku tuliyojuana ndama alimpiga teke akaketi ndani ya beseni la dawa, akanitazama na kuniambia kwa utulivu kwamba hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni. Nilicheka mpaka nikashika uzio nisianguke. Baadaye aliniambia ni kicheko hicho kilichomfanya atafute ng'ombe wengine wa kuchanja kijijini kwetu.

Hiyo ilikuwa kabla ya jarida. Alipokuja tena baada ya miezi michache, alikuta uso mkavu kama ubao. Alijaribu hadithi zake zote, nami nikazitazama zikipita. Aliniuliza kama amenikosea, nikamwambia hapana. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine, nikamwambia hapana, na uso wangu haukumsaidia hata kidogo. Nilishindwa kumweleza. Hata mimi, pamoja na ujinga wangu wote, nilijua inavyosikika mtu wa miaka ishirini na mitatu akisema anaogopa uzee. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuzungumza, na siku ya ntheo ikapangwa.

Kwetu Ukambani, bila mbuzi wa ntheo hujaolewa, hata kama una pete, cheti na watoto. Watu wa mwanamume wanaleta mbuzi, na kwa upande wetu ilikuwa kwamba kabla hawajaguswa, msichana anaitwa mbele ya wote na kuulizwa kama anawajua wageni na kama mbuzi waliwe. Akikubali, ameolewa. Akikataa, mbuzi wanarudi walikotoka.

Asubuhi hiyo nilijipaka ute mara mbili. Nilinuia kunawa kabla wageni hawajafika, na kwa kawaida wageni wa namna hiyo hawafiki mpaka jua liwe utosini. Hawa walifika mapema. Pikapu waliyokodi Mwingi iliingia uani mbuzi wakilia nyuma, nami bado nimelala chali kitandani. Niliruka nikajitazama kwenye kioo. Uso uling'aa, hauna mkunjo hata mmoja, na nikajiuliza kwa nini niuoshe uso mzuri hivyo. Nikapaka poda juu yake nikatoka.

Mchungaji alifungua kwa maombi marefu. Chai ya maziwa ikanywewa, chapati zikaliwa, kisha baba mkubwa akaniita katikati. Aliyeniuliza kwa upande wao alikuwa shangazi ya bwana wangu, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemlea.

"Mtoto wetu, hawa watu unawajua?"

"Nawajua," nilisema bila kuachanisha meno.

"Na hizi mbuzi, zikuliwe?"

"Zikuliwe."

Moyo wangu ulikuwa ukiruka kuliko kwaya yetu. Juu yake ulikaa uso wa mtu aliyeletewa habari za msiba, mweupe kwa poda, na midomo ambayo haikujulikana kama imefunguka. Shangazi alinikazia macho hadi watu wakaanza kukohoa.

"Hapana," alisema. "Hizi mbuzi hazichinjwi. Zirudi kwa gari."

Baba alisimama. Baba mkubwa akauliza kama tumedharauliwa nyumbani kwetu. Mchungaji akasema tuombe, na safari hiyo hakuna aliyemsikiliza. Bwana wangu alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akaenda kufungua kamba za mbuzi kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akiliogopa kwa miezi. Nikaona ananipotea, hivi hivi, mchana, mbele ya sufuria za wali.

Shangazi alinigeukia mimi.

"Mimi niliulizwa hivi hivi, na baba yangu amesimama hapo nyuma. Nikasema ndiyo nikiwa na uso kama huu wako. Hakuna mtu aliniangalia. Siwezi kupeleka mtoto wa wenyewe Kyuso na uso kama huu."

Nilitaka kupiga kelele kwamba sivyo. Nilifungua mdomo kwa nguvu zangu zote, na ute ukapasuka. Vipande vilianguka kifuani kwenye blauzi mpya, kimoja kikabaki kinaning'inia shavuni. Shangazi alikibandua kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Ni yai."

Ikabidi nieleze. Mbele ya koo mbili, mchungaji, na kina mama walioniombea kwa magoti, nilieleza kwamba sijalazimishwa na mtu, ila nazuia makunyanzi, na kwamba kwa ajili hiyo niliacha kucheka. Sikusema ni uso wa nani niliokuwa nikiukimbia. Mama hakuuliza. Alikuwa akiokota vipande vya ute kwenye blauzi yangu, kimoja kimoja, na hakunitazama.

Aliyeanza kucheka ni dereva wa pikapu. Kisha wakafuata wengine, mpaka mchungaji akajificha nyuma ya Biblia yake. Bwana wangu alisimama na kamba mkononi, hajui kama aamini. Shangazi naye hakucheka. Alinishika mkono akaniingiza jikoni, akaomba maji ya uvuguvugu kwenye karai, na akaninawisha mwenyewe kwa kiganja chake, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama mtoto anavyonawishwa. Kisha akafunga mlango, wanaume wote wakabaki nje.

"Sasa tuko wawili," alisema. "Unamtaka huyu kijana, ama unapelekwa?"

Nilimwambia namtaka. Nililia na kucheka kwa pamoja, uso ukakunjamana kila mahali unapoweza kukunjamana, na kamasi juu yake. Aliutazama uso huo kwa muda mrefu, na macho yake yakajaa machozi. Akasema hivi ndivyo ambavyo hata yeye angependa kuulizwa. Halafu akajifuta kwa pindo la leso, akafungua mlango, na akawaambia wanaume mbuzi wachinjwe.