Upepo wa Darajani

Siku mama alipozidiwa na pumu, tulikodi gari dogo pale Sengerema tumwahishe hospitali Mwanza. Nilikaa naye kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwangu. Mimi ni mwoga wa maji tangu utotoni. Hata kivuko nilikuwa nakipanda nimefumba macho. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa watu walifurahi, mimi likanitisha zaidi, kwa urefu wake na ziwa lililotanda pande zote mbili.

Mvua ilitukuta tumeshaingia darajani. Upepo ukaanza kulisukuma gari. Mara ukasikika mlio mkubwa, gari likayumba, dereva akalivuta mpaka pembeni. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka.

"Dada, shuka ukasimame kule nyuma, upunge kitu," dereva akasema huku akitafuta jeki. "Taa zangu za nyuma haziwaki vizuri. Lori likija halitatuona."

"Siwezi," nilimwambia.

Mama hakuwa na pumzi za kubishana. Alivua khanga aliyojitanda, akaniwekea mapajani. "Nenda," alinong'ona.

Nikashuka. Nilitembea nimeshika vyuma vya pembeni, daraja likitetemeka chini ya miguu yangu, mawimbi meupe yakichemka kule chini. Nilipofika mbali kidogo nikaachia vyuma, nikapunga khanga kwa mikono yote miwili, nikipiga kelele ambazo hata mwenyewe sikuzisikia. Taa mbili zikatokea kwenye mvua. Zikaja, zikaja, wala hazikupunguza mwendo. Nilijikojolea. Lakini sikukimbia, kwa sababu nyuma yangu alikuwepo mama.

Breki zikalia. Lori la ng'ombe likasimama karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya samadi. Dereva wake, mzee mwenye ndevu nyeupe, akachungulia dirishani. "Binti, unataka kufa?"

"Shikamoo," nikajibu.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Marahaba. Rudi kwenye gari. Nitakaa hapa na taa zangu mpaka mmalize."

Hospitali mama aliwekewa oksijeni, na jioni akaanza kuomba uji. Nikaenda kuutafuta nje ya geti. Nilidondosha kifuniko cha chupa mara mbili, mpaka muuza uji akaninyang'anya chupa, akaijaza na kuifunga mwenyewe, kisha akanivutia kigoda nikae.