Debuginfo niliyoikosea Beni, na Masika ambaye hakuniambia

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo nimejitosa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Kiswahili chetu cha Kongo mnakijua, Kifaransa hakikosi ndani yake, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa server. Bureau yangu iko upande wa Rughenda, na sifa yake kubwa ni kwamba internet inapatikana. Mambo haya ni ya miaka ya vita upande wa Beni, wakati mtu akisafiri kutoka hapa kwenda kule, nyumbani wanakaa na simu mkononi mpaka aseme amefika.

Sasa Masika. Huyu ni muuguzi katika hospitali moja ya Beni. Kompyuta hakusomea popote. Alijifunza Linux kwenye PDF alizokuwa akisoma akiwa zamu, akaweka server ndogo, na ndani yake akajenga orodha ya watu wanaotoa damu: jina, groupe ya damu, simu, na mahali mtu anapolala wiki hii.

Hapo pa "wiki hii" naomba mpaelewe vizuri. Watu walikuwa wanakimbia vijiji, wanahamia kwa shangazi, wanarudi, wanakimbia tena. Karatasi iliyochapishwa mwezi uliopita nusu yake ilikuwa uongo. Akija majeruhi wakati frigo, yaani friji ya hospitali, haina damu yake, ile orodha ndiyo iliyosema aitwe nani.

Basi server ikaanza kuganda.

Inaganda dakika tano, mara nyingine kumi, halafu inaamka yenyewe kama hakuna kilichotokea. CPU imelala, load, yaani foleni ya kazi, iko juu, na process ziko kwenye state D, yaani zinasubiri kitu ndani ya kernel, kiini cha mfumo, na hata kill -9 ya kuziua kwa nguvu haizigusi. Kuna watakaosema dmesg, daftari la matukio ya kernel, ingetosha. Tuliangalia. Ilikuwa imejaa malalamiko ya kadi ya mtandao, maelfu ya mistari, na chochote cha maana kilikuwa kimeshafutika.

Nikamwambia Masika tuweke SystemTap. Kwa wasioijua, ni chombo cha kuchungulia kernel ikiwa kazini, uone process imekwama kwenye function gani. Shida yake inataka package za debuginfo, yaani ramani ya ndani ya kernel, zinazolingana na kernel yako namba kwa namba. Ni mafaili makubwa, mamia ya megabyte, na mtandao wa Beni wakati ule ulitosha message na basi.

Donc tukapanga hivi: mimi nadownload Butembo, naweka kwenye flash, Papa Ramazani anapeleka. Huyu ni transporter, Muislamu wa Beni, mcheshi kupita kiasi, lori lake linapanda na mbao na kushuka na sabuni na mabati.

Nikamuuliza Masika ana kernel gani. Akaandika rpm -q kernel, akanitumia mistari miwili. Mmoja wa 957, mwingine wa 1160. Nikachukua 1160 bila kufikiri, maana ndiyo mpya. Fundi wa miaka kumi, wakuu! Haraka haraka, na mwisho wake mnaujua.

Flash ikafika kesho yake. Masika akainstall, akajaribu, akaniandikia:

"Yaya Kambale, inakatala. Inasema hakuna debuginfo ya noyau yenye inatembea."

Noyau ndiyo kernel kwa Kifaransa, na yaya kwetu ni kaka; Kambale ndiye mimi. Nikamjibu areboot, aingie kwenye 1160, vitu vitalingana.

"Hapana. Tukizima, ugonjwa unajificha siku mbili tatu, kisha unarudi. Ni kama kufukuza mwizi mbele ya kuona sura yake. Na ile noyau mupya hatuyaijaribu na disque zetu. Tuma ingine."

Nikanuna, sitaficha. Muuguzi ananifundisha kazi! Jambo baya zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Papa Ramazani aliporudi Butembo nikamkuta parking, nikaanza kumlalamikia kwamba nimetuma paquet isiyofaa. Hajui kernel ni mnyama gani, lakini alisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika mlango wa lori.

"Carte rose ya hii lori inasema motere ingine. Chini mule kuko ingine, na mbele ya ile kulikuwaka ingine. Mie nikitafuta segment za piston, sipelekake carte rose kwa muuzaji. Naingia chini, nasoma numéro kwa bloc yenyewe. Weye ulisoma wapi?"

Mimi nilisoma kwenye carte rose, kadi ya gari, wala si kwenye motere, injini yenyewe. Ndiyo ukweli wenyewe.

rpm -q inakuonyesha kernel zilizoko stoo. Inayotembea inaonyeshwa na uname -r, na amri hiyo sikumuomba Masika hata siku moja. Nikamuomba sasa. Jibu likaja: 957. Server haikuwa imezimwa tangu update (kule kuzima alikosema kulikuwa kabla yake), kwa sababu alikuwa anailinda na betri za solaire kama mtoto mchanga.

Debuginfo ya 957 ilikuwa imeshahamishwa kwenye archive. Nikaitafuta asubuhi nzima, nikaidownload kwa wget -c, ikakatika, ikaendelea, ikakatika tena. Ilipokamilika, barabara ya Beni ikafungwa. Risasi zilikuwa zimelia huko mbele, na magari yote yakarudishwa.

Nikamwandikia Masika kwamba itachelewa. Akajibu: "Sawa. Tunangoja."

Siku ya tatu barabara ikafunguliwa. Safari hii nilikataa flash iende peke yake, nikapanda mwenyewe karibu na Papa Ramazani. Njiani yeye alikuwa anasoma dua zake kwa sauti ya chini, mimi na rozari yangu mfukoni. Ule ucheshi wake wote ulibaki Butembo.

Masika ni mfupi, sauti yake ya chini, na alikuwa ameshaandaa kila kitu. Nilipochomeka flash alisoma namba ya kila faili kwa kidole, akailinganisha na uname -r, ndipo akasema "Weka." Tukaweka kernel-devel na debuginfo zote mbili za 957, yenyewe na common yake. Tukaita stap-prep ikague kama vyote vipo, haikulalamika. Tukawasha script fupi ya kuandika kila process iliyokwama zaidi ya sekunde tano na disque inayoisubiri.

Baada ya kama saa moja ikaganda.

Mstari ukatoka: programu ya Masika imekwama kwenye sync, inasubiri sdb. Sdb ni disque ya nje, ya USB, ya kuwekea backup. Mimi nilikuwa nimekodolea screen. Masika alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza ukutani.

"Centrifugeuse," akasema. "Ile machine ya kuzungusha damu. Njo imeanza sasa."

Wakuu, nilimvulia kofia hapo hapo! Centrifugeuse ikiwashwa, umeme unashuka. Umeme ukishuka, disque ya USB, ambayo haikuwa kwenye betri kama server, inapoteza fahamu. Na programu kila inapohifadhi jina inaita sync, na sync inasubiri disque zote, hata ile iliyozimia. Ndiyo maana iliganda siku za damu nyingi hasa, siku ambazo orodha ilihitajika.

Dawa yake ilikuwa umount, amri ya kuitenga disque na mfumo. Disque ya backup ikae pembeni, iunganishwe tu kazi ya maabara ikiisha. Masika akaomba centrifugeuse iwashwe mara nne mfululizo, na mara zote nne orodha ikafunguka. "Wasingya, yaya," akaniambia kwa Kinande, asante, akarudi kwenye kazi yake. Nikajiona bingwa.

Mchana nikala bugali na sombe, majani ya muhogo, pamoja na muuguzi mwenzake Masika. Yeye ndiye aliyeniambia.

Juzi yake, siku ile ile barabara ilipofungwa, kabla ujumbe wangu haujafika, aliletwa mlimaji mmoja kutoka upande wa Mavivi, amepigwa risasi shambani. O négatif. Masika akafungua orodha, ikaganda. Hakuingoja. Alitoka mbio kwa miguu na blouse yake ya kazi, kwenda kwenye nyumba tatu za wenye damu hiyo alizozikumbuka kichwani. Mbili zilikuwa zimehamwa. Ya tatu alimkuta mwalimu mmoja, wakarudi wote wawili wakikimbia. Walipofika, yule baba alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema labda hata damu isingemwokoa.

Labda. Lakini ningeomba uname -r siku ya kwanza, package sahihi ingefika kabla barabara haijafungwa.

Chakula kilinishinda. Nikamfuata Masika, alikuwa anabandika etiketi kwenye chupa za vipimo.

"Masika, juu ya nini hukuniambia?"

Hakusimamisha kazi.

"Ningekuambia, ungekuya na mikono yenye kutetemeka. Mie nilikuwa na lazima na mikono yako."

"Mais ni kosa yangu."

"Ndiyo, ni yako." Akaniangalia sasa, bila hasira. "Alikuwa anaitwa Paluku. Ukumbuke lile jina mbele ya kutuma paquet ingine."

Nimefanya kazi na mainjinia wenye diplôme za ukuta mzima. Sijaona aliyebeba kitu kizito namna ile kwa siku tatu, akaniandikia "Sawa. Tunangoja," ili tu nisiharibu kazi. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Somo lenyewe ni dogo, wakuu: soma kilicho kwenye motere, usisome kilicho kwenye karatasi. Wenye kuijua SystemTap karibuni, mnisahihishe nilipoteleza, na mwenye kutaka kunisema anayo haki. Maswali ya kernel nitajibu yote.

Na kabla ya kutuma paquet yoyote, siku hizi nalitaja kwanza jina la Paluku.