Kikombe Kinachozunguka

Vijana wanaojifunza kutengeneza site za intaneti hapa Butembo hunijia na swali lile lile: mama, programu gani ndiyo bora? Wanataka nitaje jina moja tu, waende nalo nyumbani wametulia. Mimi huwauliza kwanza kama wana mazuti ya kutosha ya jenereta. Wananitazama kwa huruma, wanadhani uzee umenipanda kichwani. Basi acha nieleze.

Wakati wa vita, nchi ilipokatwa vipande na sisi tukaangukia upande wa waasi, kati ya Butembo na Beni tulikuwa wawili tu tuliojua kutengeneza site, au niseme wawili tuliojidai kujua. Mimi nilikuwa Butembo, kwenye cyber moja yenye antena kubwa juu ya paa. Mwenzangu alikuwa Beni. Alikuwa mtu wa Kinshasa, mtumishi wa serikali aliyetumwa huku kabla ya vita, kisha njia zikafungwa na mshahara ukafungwa pamoja nazo. Alibaki na diploma, koti moja, na mashini yenye programu aliyoipenda kupita kiasi. Ndani ya programu ile huandiki kitu. Unashika souris, kile kipanya cha mezani, unavuta, unaachia, na maandishi yanaanza kucheza ndombolo. Mimi nilikuwa mtu wa bloc-notes, ile karatasi nyeupe tupu iliyomo ndani ya kila mashini. Kila alama niliiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na maringo yangu yalikuwa makubwa kuliko kazi yenyewe.

Tuligombana kwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara, maana simu ilikuwa shida. Wote waliopanga mstari kusubiri zamu walitusikia. Nilimwambia site zake zinakunywa mazuti kama kamyo inayopanda mlima. Ilikuwa kweli. Butembo haikuwa na umeme, kila mashini iliishi kwa jenereta, na ukurasa wangu ulifunguka kabla hujakaa vizuri kitini. Ukurasa wake ungeweza kuuacha, ukaenda kununua ndizi, ukarudi, ukaukuta bado unajikuna. Yeye alinijibu kwamba kurasa zangu zinafanana na tangazo la matanga. Hilo liliniuma, nisiseme uongo.

Tajiri mmoja wa Butembo, mnunuzi wa kahawa, alitaka site ili Wazungu wajue kahawa yake bado ni nzima hata kama nchi inaumwa. Hakutaka kumkosa yeyote kati yetu, akasema kila mtu atengeneze yake. Mimi nikatengeneza ukurasa mweupe: aina za kahawa, anwani, basi. Mwenzangu akatengeneza kikombe. Kikombe kikubwa kinazunguka, mvuke unapanda, na mvuke ule unageuka herufi za jina la tajiri. Tajiri alipokiona akaenda kumwita mke wake. Mimi sikula vizuri siku ile.

Site zote mbili zilikaa kwenye serveur moja, mashini kubwa ya kutunza site, huko Ulaya. Siku moja wenye serveur wakaniandikia nibadilishe mot de passe, lile neno la siri la kuingilia. Nikalibadilisha, nikaenda kwa phonie, nikamwita mwenzangu Beni.

"Mot de passe ya zamani imekufa," nikamwambia. "Ile mupya nitakupa mukono kwa mukono, hapana kwa phonie."

Nilijiona mtu wa usalama kabisa. Kumbe! Wakati ule hata mtoto alijua mot de passe ni kitu cha askari. Ndilo neno waliloulizana gizani kwenye barrière, kizuizi cha njiani, na asiyelijua alijibiwa kwa risasi. Nao walisikiliza phonie zote. Waliotusikia siku ile hawakusikia habari za kahawa. Walisikia mwanamke wa Butembo akimwahidi mtu wa Kinshasa, mji wa adui yao, mot de passe mpya. Wakaenda kumchukua nyumbani kwake Beni, na mke wake ndiye aliyenipigia phonie akilia.

Nilipanda kamyo ya maharagwe kwenda Beni, na njia nzima nilijiambia kwamba nisipoeleweka tutakuwa wawili mle ndani.

Commandant wa askari waliomkamata alikuwa mtu wa sauti ya upole, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilimweleza kazi yetu, na kila neno lilizidi kutuzamisha. Nilisema serveur, neno ambalo kwa Kifaransa ni mhudumu pia, akauliza ni wa baa gani. Nilisema hébergement, yaani kuipa site malazi, akauliza tunamlaza nani huko Ulaya. Nikaacha kueleza. Akasema: "Nionyeshe hiyo site. Kama iko, anatoka. Kama hapana, na wewe unabakia."

Tukaenda cyber ya Beni na askari wake. Nikafungua ukurasa wangu, ukatokea papo hapo, safi, nikajipongeza moyoni. Commandant akavua miwani, akasoma mpaka chini.

"Hii ni tract," akasema.

Maandishi meusi, karatasi nyeupe, hapana picha. Tract zote, zile karatasi za uchochezi za adui alizowahi kukamata, zilikuwa hivyo. Nikamwambia uzuri wake ni kwamba haunywi mazuti, mon commandant. Akamwambia askari mmoja asimame nyuma ya kiti changu.

Ikabidi nifungue ukurasa wa mwenzangu, ule niliousema vibaya mbele ya watu. Haukufunguka. Mstari mdogo ukaanza kutambaa. Nje jenereta ikakohoa, na mwenye cyber akasema mazuti yanaisha. Nilimwomba Bikira Maria kwa ajili ya kikombe. Jenereta ikakohoa tena. Halafu likatokea sikio la kikombe, kisha kikombe kizima, kikaanza kuzunguka, mvuke ukapanda, jina la tajiri likajiandika hewani.

Commandant akacheka kwa furaha ya kweli. Akasema hii sasa ndiyo site. Akataka kizunguke tena, na tena, kisha akaamua kwamba bendera ya mouvement yake, chama chao cha waasi, nayo izunguke hivyo, na sisi wawili ndio tutakaoizungusha.

Wakamtoa mwenzangu. Hakuwa na viatu wala mshipi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba, vyeusi. Walikuwa wamevipiga wakitaka mot de passe mpya, naye akawaambia hajui. Alisema kweli. Mimi nilikuwa bado sijampa.

Vidole viwili havikukunjika tena, na programu yake ni ya souris tupu. Donc, basi, niliketi mimi mbele ya mashini yake, nikashika souris, naye akakaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa, ananiambia wapi nivute na wapi niachie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza programu ile niliyoitukana. Bendera niliizungusha haraka haraka, kwa hasira, nilitaka tumalize tuondoke.

"Polepole, ndeko," akasema, akiniita ndugu kwa Kilingala cha kwao. "Ikikimbia, batasema tunabachekelea."