Mlango wa Woga

Miaka ile ya utawala wa jeshi, kwenye foleni ya forodha Busia, askari alimwamuru msomi aliyekuwa mbele yangu afungue themosi yake juu ya meza ya ukaguzi. Ndani, juu ya barafu, mlikuwa na ubongo wa ng'ombe kutoka machinjio ya Tororo.

"Hii ya kula?"

"Ya kusoma, afande." Msomi akaeleza, viganja wazi, kwamba chembe za ubongo zina milango midogo midogo, na kemikali ikipata mlango wake, mtu huhisi njaa, furaha au woga. Alikuwa anaupeleka maabara ng'ambo, akaichunguze hiyo milango.

Sisi wengine tulitazama viatu vyetu. Siku hizo kucheka mbele ya mwenye bunduki kungeweza kukuponza.

Askari naye hakucheka. Aliinama, akashusha sauti. "Hiyo mlango ya woga, nyinyi nafunga namna gani?"

"Bado tunatafuta, afande."

Askari akaifunika themosi mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili. "Tafuta mbio," akasema.

Mimi sikukaguliwa hata mfuko. Nilivuka nikiona haya kidogo, maana siku zote niliamini woga unakaa upande mmoja tu wa meza ile, upande wetu.