Kiti Kisichotaka Msumari

Alhamdulillahi, sifa zote ni za Mola aliyeumba mti kabla ya kumuumba seremala. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa kwenye karakana yangu ya useremala, mtaa wa Ngamiani, mchana kweupe, nimetoka kuswali adhuhuri. Sikuota wala sikuhadithiwa.

Bi Zuhura wa Chumbageni aliniletea kiti cha Kichina cha mti mweusi mzito, alichoachiwa na babu yake. Kwao kila bibi harusi hukalia kiti hicho, na mjukuu wake alikuwa anaolewa kesho yake. Kilikuwa kimelegea kidogo tu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikakifungua chote nikisafishe. Basi kukirudisha kukanishinda! Hakina msumari wala gundi. Ndimi za mbao huingia kwenye matundu yake, na kila nikiingiza moja, nyingine inachomoka.

Kwenye mgongo wa kiti amechongwa mzee wa Kichina, mdogo kama kidole, kanyoosha mkono mtupu. Mke wangu alimpangusa vumbi akicheka. "Maskini, anaomba hana wa kumpa. Na wewe Baba Rukia, bibi harusi wa watu akakae kwenye kiti cha plastiki?"

Nikashika nyundo. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Mara mtu akakohoa mlangoni.

"Asalaam alaykum."

Mzee wa Kichina, kofia nyeupe, viganja vimejaa sugu. Nikaitika. Akanikazia macho. "Huamkii?"

Mimi nina wajukuu tisa, lakini niamini, nilijikuta nasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Tupa msumari huo. Umeanza na makalio, mwanangu. Anza na mgongo."

Nikaanza na mgongo, kisha mikono, kisha kikalio, yeye akinielekeza kwa kidole tu. Mwisho akanionyesha kipande kidogo cha mbao nilichokidhania takataka. Nikakigonga kwa kiganja, na kiti kikakazana kama kilichoota hivyo porini.

Nikammiminia kahawa, akapokea kwa mikono miwili. Nikageuka kuweka birika chini. Kurudi, hapana mtu! Na kwenye maranda sakafuni zilikuwa nyayo zangu tu.

"Mama Rukia, umemwona mgeni?"

"Mgeni gani? Nimekusikia ukiuamkia ukuta." Kisha akakisogelea kiti. "Baba Rukia, huyu mzee mkononi ana nini?"

Kikombe cha kahawa. Kimechongwa kwa mti uleule.

Bibi harusi alikikalia, na kiti hakikulia hata kidogo. Leo ana watoto wawili. Misumari ile miwili iliyopinda nimeitundika juu ya mlango wangu. Vikombe vyangu vilikuwa sita. Vimebaki vitano, na cha sita sijakitafuta.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikutana na kazi usiyoielewa, weka nyundo chini kwanza. Na mgeni akikohoa mlangoni, mpe kahawa kabla hujamuuliza atokako. Mola akujaalie nyumba iliyoshikana bila misumari, na subira ya kukitambua kile kipande kidogo cha mwisho. Amin.