Mti Ulioponywa kwa Lazima

Kuna watu ambao ukiwaachia nyumba kwa wiki tatu utaikuta kama ulivyoiacha, na kuna Bwana Shamba.

Tuanze naye, kwa sababu mwenyewe angetaka hivyo. Bwana Shamba alikuwa ofisa wa kilimo kwa miaka thelathini na mmoja, kisha akastaafu kila kitu isipokuwa kutoa ushauri. Alikuwa kaka wa mke wa Fundi Saa, na alikaa mtaa wa pili kutoka kwa dada yake, umbali ambao Fundi Saa aliuona hautoshi. Sifa yake ilitokana na mihogo. Batobato ilipoingia, ule ugonjwa unaoyatia majani ya mhogo mabaka meupe na kuyakunja kama karatasi iliyolowa, ni yeye aliyezunguka shamba kwa shamba na baiskeli akiwaambia watu wang'oe na wachome. "Jani la madoa ni jani la njaa," alisema, na tumpe haki yake: alisema kweli, na watu wakala. Shida ya mtu aliyepatia kwa miaka thelathini na mmoja ni kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali pa kuishia.

Fundi Saa alikuwa wa namna nyingine. Alikuwa na kibanda ubavuni mwa posta, meza ya droo nne, na ile lenzi nyeusi ambayo mafundi saa huibana jichoni. Sheria yake ilikuwa moja: usifungue saa kabla hujaisikiliza. Alikuwa na sababu. Nusu ya saa alizoletewa hazikuwa zimeharibika; zilikuwa zimetengenezwa. Mtu ameona saa inachelewa dakika mbili, akachukua kisu cha jikoni, akaisaidia. Fundi alizipokea maiti hizo bila neno, ila mshipa wa shingo ulimsimama.

Jambo jingine lililojulikana juu yake ni kwamba hakuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwahi kutumbukiza saa yake chooni, akaja kudai kuwa Fundi ndiye aliyeiua wiki iliyotangulia.

"Sema samahani tu, yaishe," watu walimshauri.

"Samahani ya nini? Mimi ndiye niliyekuwa chooni?"

Saa za walimu wote, pamoja na ile kubwa ya ukutani, zikahamia kwa fundi mwingine kwa miaka sita. Kila siku saa mbili asubuhi Fundi alipita nje ya shule, akaitazama ile ya ukutani ikidai kuwa ni saa saba mchana, akaenda zake ameridhika.

Mti aliupata benki. Aliitwa kutengeneza saa ya ukumbini, na alipokuwa juu ya ngazi akauona uani kupitia dirishani. Ulikuwa haibiskasi, ule mti wa maua ambao nusu ya mji wameufanya uzio; lakini huu majani yake yalikuwa kama yamechovywa kwenye maziwa, kila jani kwa namna yake, kijani hapa, nyeupe pale, na kwenye ncha changa rangi ya waridi. Maua yalikuwa mekundu, madogo, machache. Fundi alikaa juu ya ngazi muda mrefu kuliko saa ile ilivyohitaji. Mtunza bustani wa benki akamkatia kijiti na kumpa onyo.

"Huu ukilala usingizi utakusaliti, mzee. Siku moja utatoa tawi la kijani kitupu. Hilo ndilo litakuwa na nguvu kuliko yote, maana ile sehemu nyeupe ya jani haipiki chakula. Ukilionea huruma, baada ya muda mti mzima ni kijani. Likate likiwa changa."

Mwaka uliofuata benki iling'oa bustani yote na kumwaga zege, ili magari ya wakubwa yapate pa kupumzika. Huenda duniani miti ya aina hiyo iko mingi. Katika mji ule ulibaki mmoja, mbele ya dirisha la sebule ya Fundi Saa. Kwa miaka tisa aliukagua kila asubuhi kabla ya chai, lenzi jichoni, mkononi mkasi mdogo wa kukatia mikanda ya saa. Akiona chipukizi la kijani kitupu, analikata. Na kwa miaka tisa Bwana Shamba alisimama getini akitikisa kichwa.

"Shemeji, unakata lililo zima unaacha gonjwa."

"Si gonjwa. Ndivyo lilivyo."

"Hata mwenye upele hatimaye husema ndivyo alivyo."

Kisha mtoto wa jicho akaingia, jicho la kulia kwanza, halafu na la kushoto. Dunia ikaanza kuonekana kama kupitia glasi ya maziwa. Kwa miezi kadhaa Fundi hakujua lipi ni baka la jani na lipi ni baka la jicho lake, na nyuma ya mti, upande wa ukutani, matawi mawili ya kijani kitupu yakanenepa bila kubughudhiwa. Hatimaye binti yao akampatia nafasi katika hospitali kubwa ya mji anakofanya kazi. Fundi na mkewe wakafunga safari ya wiki tatu. Funguo, kwa amri ya mke, akaachiwa kaka mtu.

"Mti uumwagie maji tu," Fundi alisema.

"Nitaumwagia."

"Maji tu, shemeji."

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

Alirudi na macho mapya. Toka kituo cha basi hadi nyumbani aliona kila kitu: kutu ya geti, ufa wa ukuta, namba ya nyumba ambayo kumbe ilikuwa bado inasomeka. Aliuona pia uso wa mkewe vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akasema, "Hujabadilika," ambalo ndilo jibu sahihi. Kisha akageuka akaona kichaka cha kijani.

Hakikuwa na hata doa moja. Kilikuwa na afya ya kutisha. Matawi mawili manene, majani yanang'aa, shinani samadi ya kuku imepangwa duara kama mkeka. Katikati, panga lilipokuwa limepita, palibaki vidonda vyeupe vya kukatwa, vimepakwa rangi kwa unadhifu. Kazi safi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: ilikuwa kazi ya mtu anayejua kazi.

Bwana Shamba alitokea getini akitabasamu, mikono nyuma, kama daktari anayesubiri ndugu wa mgonjwa.

"Umeona? Niliona yale matawi mawili mazima huko nyuma, nikasema, kumbe mti bado unataka kuishi. Nikakata yote yaliyooza kwa batobato. Sasa wewe umepona macho na mti umepona. Sema asante mara mbili."

"Yako wapi?" sauti ya Fundi ilikuwa ndogo.

"Nini?"

"Matawi. Uliyoyakata. Yako wapi?"

"Nimechoma, bwana! Ugonjwa unaachwa uzagae?"

"Hayo madoa ndiyo yalikuwa mti!" Hapo sauti haikuwa ndogo tena, majirani wawili walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na nguo za kuanua. "Nilikwambia maji! Nilikwambia maji tu! Mchinjaji wewe! Mtu anaachiwa kuku amlishe, mwenyewe anarudi anakuta kuku ametahiriwa!"

"Dada," Bwana Shamba alimgeukia mke wa Fundi kwa upole wenye kuudhi, "wale madaktari walimpa dawa gani huyu?"

Fundi Saa hakumsalimia shemeji yake kwa wiki saba. Akimwona barabarani alivuka. Akimkuta sebuleni kwake alikaa jikoni. Mkewe alibeba salamu huku na huku kama karani wa tarafa. Mwanzoni Fundi alipogoa yale matawi ya kijani, akitumaini kwamba labda kitatoka kitu chenye kumbukumbu. Kilitoka kijani. Kila kilichochipua kilikuwa kizima, imara, cha kawaida. Asubuhi alikunywa chai akiwa ameupa mti mgongo. Na lililomkera kupita yote ni kwamba mtaa mzima ulikuwa upande wa shemeji. Walipita wakisema, "Mti wako siku hizi umenawiri kweli, Fundi!" na walimaanisha mema.

Jumamosi ya wiki ya saba, saa nne asubuhi, Bwana Shamba aliingia bila hodi. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kama wa vipimo vya hospitali, na ndani yake jani moja. Aliuweka mezani mbele ya Fundi, kati ya mkate na birika.

"Ugonjwa wako umefika kwangu."

Fundi alitazama. Kijani hapa, nyeupe pale, ncha ya waridi. Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, alimimina hadi ikafurika kwenye kisahani.

"Umetoka wapi?" Fundi aliuliza, akiutuliza uso kama mtu aliyeshika spiringi kwa kibanio.

"Mke wangu! Siku ile kabla sijawasha moto alichomoa vijiti vilivyonyooka akaenda kuegemezea nyanya zake. Bila kuniuliza! Leo napita kwenye tuta, naona vitatu vimechipua. Batobato, ndani ya uwanja wangu, mimi! Nimeshamwaga mafuta ya taa kwenye takataka. Mchana nachoma vyote, na nyanya zake nachoma."

"Subiri," Fundi alisema. "Usichome."

"Kwa nini nisichome?"

Hapa angeweza kueleza tena. Lakini alikwisha kueleza kwa miaka tisa, na kila maelezo yaligonga paji lile la uso na kurudi yalikotoka.

"Nije niving'oe mwenyewe. Nivichome hapa kwangu. Ugonjwa ni wangu."

Bwana Shamba alikaa. Alivuta kiti polepole, akakunja nne, na ikaonekana wazi kwamba wiki saba za kutosalimiwa zilikuwa zimemuuma kuliko alivyotaka ijulikane.

"Ni wako, ee? Leo ni ugonjwa? Mbona uliniita mchinjaji mbele za watu? Mimi nimetembea na baiskeli miaka thelathini na mmoja, hakuna mkulima aliyewahi kuniita mchinjaji. Kiri kwanza. Dada yangu asikie. Mti ulikuwa na nini?"

Fundi alilitazama jani. Mwalimu mkuu na saa yake ya chooni walipita kichwani mwake, na miaka sita ya kupita nje ya shule ile kichwa juu. Mkewe alikuwa akitazama dari kwa makini sana.

"Ulikuwa mgonjwa," alisema.

"Wa nini?"

"Batobato."

"Na nani aliuponya?"

"Shemeji, chai inapoa."

"Nani?"

"Wewe."

"Basi?"

"Basi asante." Alilitoa neno hilo kama mtu anayetema jino. "Na lile la mchinjaji... samahani."

"Yamekwisha!" Bwana Shamba alisimama, akampiga begani, macho yakimlengalenga kwa furaha halisi. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kubwa kama angekuwa mtu mbaya. "Kukiri kosa ni nusu ya dawa. Njoo na ndoo."

Fundi Saa alikwenda na ndoo mbili na kijiko cha supu, maana jembe lingekata mizizi. Alipiga magoti kwenye tuta la nyanya akachimba kila kijiti pamoja na udongo wake, kwa mwendo wa mtu anayetoa gurudumu dogo ndani ya saa ya mwanamke. Mke wa Bwana Shamba alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Hivyo ndivyo mnavyochoma vitu kwenu, shemeji? Kwa kijiko?"

Fundi alizidi kuchimba.

"Viko vitatu," alisema mama yule, akipunguza sauti. "Wewe chukua viwili. Cha tatu niachie. Nitakiweka nyuma ya tangi la maji, huyu wangu huwa haendi huko, anasema pana matope."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua nini? Mimi nilitaka vijiti vya kuegemezea nyanya." Akacheka. "Lakini huwezi kuniambia kitu kizuri vile ni njaa."

Vijiti viwili vikapandwa kwa Fundi, nyuma ya bafu, mahali ambapo mgeni hana sababu ya kufika. Kimoja kilikufa. Kingine kilikaa kimenuna miezi miwili, kisha kikaanza kupanda. Tafakari aibu yake: mtu na nyumba yake, na mti wake, anaunyemelea kila asubuhi kama anayeficha pombe, huku mbele ya dirisha la sebule kichaka cha kijani kikinenepa kwa samadi ya shemeji. Hakuthubutu kukikata. Kilikuwa ushahidi wa tiba, na Bwana Shamba alikuja kukikagua kila wiki.

Siku ua la kwanza lilipofunguka huko nyuma ya bafu, jekundu, dogo, Bwana Shamba alikuwa mbele ya nyumba na wastaafu wenzake wawili aliowaleta makusudi.

"Huu mnaouona ulikuwa hoi," sauti yake ilizunguka nyumba. "Hoi! Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa. Muulizeni, atawaambia. Shemeji! Uko wapi?"

Fundi Saa alikuwa amechuchumaa, lenzi jichoni. Chini kabisa ya shina, pembeni mwa ua, alikuwa ameona chipukizi jipya. Lilikuwa limenyooka, nene, kijani kitupu, zima kuliko kitu kingine chochote kwenye mti ule. Akatoa mkasi.

"Shemeji! Unafanya nini huko?"

"Nauguza!" alijibu, akakata.



"Pole sana," Bwana Shamba aliitikia, kwa moyo mweupe kabisa, bila kuuliza mgonjwa ni nani.

Fundi aliipokea pole hiyo. Ilikuwa imechelewa, na aliyeitoa hakujua anaitoa kwa nini. Lakini alikumbuka samahani yake mwenyewe ilivyotoka siku ile mezani, naye hakuwa na uhakika kwamba hiyo ilikuwa bora. Akalitia lile chipukizi mfukoni, akaenda mbele kuwathibitishia wageni kwamba ndiyo, mti ulikuwa hoi.