Analipwa Kukimbia

Mjukuu wangu analipwa kukimbia, na siyo riadha. Huku Meru kijana akiwa na mbio kila mtu anamwona tayari kwenye marathoni, na mwalimu wa michezo alikuja mpaka kwangu kumtaka kwa hilo. Nikamwambia, mwalimu, huyu hana pumzi ya mbali. Mtume Usa River, nusu ya njia ameshakaa chini. Lakini kuku akitoroka hapa uani, anamkamata kabla hajafika kwenye migomba.

Besiboli ndiyo ilimfaa. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, halafu ni mbio kutoka kituo hiki hadi kile kabla mpira haujakuwahi. Alijifunza shuleni, akachaguliwa, akaenda Japani. Timu yake humkalisha benchi karibu mechi nzima. Mwishoni, mchezaji mzito akifika kituoni, anatolewa, mjukuu wangu anaingia kukimbia badala yake. Ndiyo kazi. Ana mkataba, ana chumba, ana viatu vya meno ambavyo si vya kuazima.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kazi hiyo haimwingii kichwani. Mwaka jana akaitisha kikao cha ukoo hapa uani kwangu kuhusu kipande cha kihamba, shamba letu la urithi, ambacho mume wangu alimwachia mjukuu. Alitaka apewe mwanawe yeye, eti shamba ni la anayelima, siyo la anayecheza.

Mwanamke haketi kwenye kikao hicho. Nilikuwa jikoni napika makande, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, maana kule Japani ilikuwa jioni na mechi inaendelea. Nilipopiga kelele kwamba anaingia uwanjani, wazee wakaniambia niilete. Nikaipeleka. Mjukuu akasogea kidogo kidogo mbali na kituo chake, kama mwizi wa kuku, halafu akachomoka. Mpira ukamtangulia. Akaguswa nao, akatolewa nje.

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, ndiyo hiyo kazi? Hata kukimbia kwenyewe kumemshinda!"

"Na wewe umewahi kukimbilia nini? Ng'ombe wako wanarudishwa na jirani."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. "Mama, rudi jikoni."

"Makande yameiva. Jipakulieni."

Nikachukua panga, nikakata matawi ya masale, mmea wetu wa mipaka, kwenye uzio wangu. Kila Mmeru anajua masale yakishachomekwa mpakani hayang'olewi na mtu mmoja mwenye hasira. Atakayeyang'oa amegombana na ukoo mzima. Nikayachomeka kuzunguka kipande chote, kiuno kinawaka moto, nawasikia wananiita. Hakuna aliyethubutu kunifuata.

Kesho yake mjukuu akapiga simu, sauti imekwisha.

"Shikamoo bibi. Kocha kanisema sana. Labda nirudi nilime."

"Marahaba. Umeshikwa mara moja ndiyo unataka jembe?"

"Bibi, wananicheka."

"Hata huku walicheka, na shamba lako lipo. Nalima mimi. Wakikuingiza tena, chomoka vilevile."

Akachomoka. Siku nyingine anafika, siku nyingine anashikwa, na mkataba wameuongeza.

Masale yameshika mizizi. Ndani nimepanda maharage. Shemeji akipita huuliza kwa dharau nalima shamba la nani, namjibu bila kuinua kichwa: la mkimbiaji.